Uzio wa Mtu wa Ndani

Kila siku iliyojaliwa na Mungu, saa kumi na mbili asubuhi, Mzee alikwenda kazini, na kazi yenyewe ilikuwa imekufa miaka ishirini na miwili iliyopita. Alivaa shati lake la kaki, akafunga vifungo vyote hadi kooni, akachukua fimbo yake yenye kofia ya chuma nchani, akatoka bila kuaga, kama mtu ajuaye kwamba reli haimsubiri mvivu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa njia ya treni. Alitembea kwa miguu kutoka kituo hadi kituo, nyundo ya mpini mrefu mkononi, akigonga chuma na kukitegea sikio: kilicho kizima hulia, chenye ufa hunung'unika. Baadaye njia ile iling'olewa na vyuma vyake vikauzwa kwa kilo. Kumbukumbu za Mzee nazo zilianza kung'oka moja moja, mpaka ikabaki miguu. Na miguu ilikumbuka kila kitu.

Nyuma ya miguu hiyo alikimbia binti yake.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, karani wa kumbukumbu katika hospitali, na wauguzi walimwita Bi Faili kwa sababu hakuna karatasi iliyopata kupotea mikononi mwake. Mwenyewe hakulipenda jina hilo wala hakulikataa. Alichoka mno kuchagua majina. Aliamka kabla ya baba yake ili amwahi mlangoni, na siku ambazo usingizi ulimshinda kwa dakika kumi tu, dakika hizo kumi zilimtosha Mzee kufika barabara kuu.

Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu ile. Bi Faili alisikia breki za lori la mchanga zikipiga yowe, akatoka na kandambili mguu mmoja, mwingine mtupu. Alimkuta baba yake katikati ya lami, ameinama, anagonga barabara kwa fimbo na kutikisa kichwa kwa masikitiko. Lori lilikuwa limesimama hatua nne kutoka mgongoni mwake.

"Mama, mfungie baba yako ndani!" dereva alifoka. "Mnataka niozee jela?"

Aliyesema ni jirani yake, mwanamke muuza mkaa ng'ambo ya barabara, aliyekwisha kumshika Mzee kiwiko.

"Mzee wangu, treni ya leo imechelewa. Rudi unywe chai kwanza."

"Nani kasema?"

"Kituo kimepiga simu."

"Ah. Basi kituo hiki kina adabu," Mzee akasema, akageuka kurudi nyumbani. Alipompita binti yake alimwambia, kama alivyomwambia kila siku tangu jina lake limtoke kichwani: "Karani, andika. Hapa pamekufa kabisa, hapalii."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwezi ule.

Jumapili kaka mkubwa wa Bi Faili alikuja. Alikuja na mkate mmoja na ushauri mwingi, akaegesha gari lake kivulini, akakaa kwenye kiti cha Mzee. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kaka huyu alikuwa ameubeba mzigo wa baba yake kwa njia hiyo kwa miaka mitano: kwa simu, kila mwisho wa wiki, mtandao ukiruhusu.

"Mdogo wangu, tuseme ukweli," alianza. "Chumba cha uani kipo. Tutoe yale magunia, tuweke kitanda, tufunge komeo kwa nje. Wewe unakwenda kazini umetulia, jioni unamfungulia."

"Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni?"

"Atalala."

"Wewe ukifungiwa saa kumi mfululizo, utalala?"

"Mimi si mgonjwa."

"Na yeye si mbuzi, Kaka. Hata mahabusu hutolewa nje akaota jua. Baba kakosa nini?"

Kaka alitazama saa yake. Kuna watu katika dunia hii wenye jina zuri kwa kila ukatili. Komeo wataliita usalama, na yule anayelikataa watamwita mkaidi. Wala hawana roho mbaya. Wana shughuli tu, na shughuli imeumiza wazee wengi kuliko roho mbaya.

"Basi una wazo gani?" akauliza.

Wazo alikuwa nalo, tena limeandikwa na liko kwenye faili. Nyumba yao ilikuwa pembeni mwa barabara, na ua wa michongoma uliokuwa ukiizunguka ulikauka zamani ukabaki meno machache. Ukuta wa matofali haungefaa. Miaka miwili nyuma walijenga kipande cha ukuta mbele ya dirisha la Mzee kuzuia vumbi. Alisimama mbele yake tangu asubuhi, akilia machozi ya mtu mzima, akisema njia imezibwa na watu watakufa, mpaka wakaubomoa. Mzee alihitaji kuiona njia. Kwa hiyo Bi Faili alitaka uzio wa chuma: nondo zilizosimama, zinazopitisha upepo na macho lakini zisizopitisha mtu. Baba yake atembee uani kutwa nzima, atazame magari, aote jua. Na jirani wa mkaa, aliyekwisha kuzoea kumkimbilia Mzee saa za kazi za binti yake, alikubali kumtupia jicho na kumpa chakula cha mchana.

"Nimeomba likizo ambayo sijaichukua kwa miaka miwili," alisema. "Siku ishirini na nane. Ndani ya siku hizo uzio utakuwa umesimama."

"Na usiposimama?"

Bi Faili alilifunga faili lake.

"Usiposimama," kaka akajijibu mwenyewe, akiinuka, "nitakuja na kufuli. Hatuwezi kumzika baba kwa ajili ya msimamo wako."

Kilichomuuma Bi Faili ni kwamba maneno hayo yalikuwa na chembe ya haki. Lori la Jumatatu lilisimama hatua nne tu.

Fundi wa kwanza aliletwa na sifa zake mwenyewe. Alikuja na gari lenye maandishi ubavuni, miwani ya jua, na simu iliyojaa picha za mageti. Kila alichoulizwa alijibu kwa picha, na kabla hajamaliza kikombe cha chai Bi Faili alikuwa amekwisha kumbatiza moyoni: Katalogi.

"Huu hapa, Mama, una vichwa vya simba. Huu una mikuki juu, tena mikuki mitatu mitatu. Mwizi akiuona, anageuza njia."

"Sina mwizi wa nje, fundi. Mwizi wangu yumo ndani."

Katalogi alicheka sana, kwa heshima, kama anavyochekewa mteja ambaye hajalipa. "Mama una utani! Basi tuseme mikuki."

"Mikuki itamchoma baba yangu akijaribu kupanda. Juu pawe laini. Na katikati pasiwe na fito za kulala, maana zitakuwa ngazi."

"Bila fito za kulala uzio hauna sura."

"Sura ya nini? Nataka mtu mmoja asigongwe na gari."

Alipima uwanja kwa hatua zake, mikono mfukoni. Bi Faili alimuuliza tepu iko wapi. "Hatua yangu ni mita kamili, Mama, haijawahi kunidanganya." Bi Faili mwenyewe alikuwa amepima mara tatu kwa tepu ya ushonaji, na hatua za Katalogi zilipungukiwa mita mbili na nusu. Alipomwomba waandikiane, fundi alivaa miwani yake na kusema kazi nzuri haihitaji karatasi, inahitaji malipo yote mkononi, kwani vyuma vinapanda bei kila kukicha. Bi Faili alimsindikiza mpaka kwenye gari, kwa adabu zote, na hakumwita tena. Zilikuwa zimekwisha siku sita.

Wa pili alikwenda kumtafuta mwenyewe. Madirisha ya wodi ya wazazi pale hospitalini yalikuwa na nondo zilizochomelewa miaka kumi na tano iliyopita, na hakuna hata moja iliyopata kulegea. Akauliza ni mkono wa nani. Wauguzi wakamtajia fundi mmoja, kisha wakatazamana na kucheka.

"Mkono ni dhahabu, Bi Faili. Mdomo ndio tatizo. Tunamwita Fundi Kesho."

Karakana yake ilikuwa paa la bati juu ya nguzo nne, sakafu nyeusi kwa mafuta, na jiwe la kunolea ambalo watoto wa mtaa mzima walilijua kwa mlio. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mwenye macho mekundu ya moto wa miaka mingi, na mikono yenye makovu madogo madogo kama mbegu za ufuta. Alisoma karatasi mbili za Bi Faili akiwa amesimama, akifuata mistari kwa kidole. Nguzo zizikwe futi mbili na nusu ndani ya zege. Nondo ziwe nzima, siyo mabomba matupu yanayooza kwa ndani. Nafasi kati ya nondo na nondo iwe ngumi moja. Fito za kulala mbili tu, ya juu na ya chini. Uzio ufuate mteremko wa ardhi, usiache pengo chini. Na kipengele cha saba: komeo la geti liwe upande wa nje, chini karibu na ardhi, limefunikwa kwa kibati, ili mwenye akili timamu aingize mkono na kulivuta hata moto ukiwaka, na mwenye akili iliyochoka asilitafute hapo.

"Mama," fundi alisema hatimaye, "hati yangu ya ndoa haikuwa ndefu hivi."

"Na ndoa ikoje?"

"Ilivunjika."

"Unaona?"

Akacheka, akapaka kidole mafuta ya gurudumu badala ya wino, akaweka alama penye jina lake. "Wiki mbili. Nakuja kesho kuchimba mashimo."

Kesho hiyo ilikuja siku ya nne. Mashimo yalichimbwa, nguzo zikazikwa, kisha kukawa kimya. Umeme ulikatika. Waya wa kuchomelea uliisha. Shangazi wa fundi alifariki. Na wiki iliyofuata, kwa kusahau, alifariki tena.

"Yuleyule?" Bi Faili aliuliza kwenye simu.

"Huyu ni mdogo wake, Mama. Wanafanana."

Angeweza kucheka kama asingekuwa amesimama mlangoni, mgongo umeegemea mbao, akimzuia baba yake kwa mwili wake mwenyewe. Mzee alimsukuma kwa upole, kisha kwa nguvu, huku akimwomba radhi. "Samahani, Karani, samahani, lakini zamu ni zamu." Bega la Bi Faili lilikuwa na michubuko ya asubuhi kumi na tisa. Usiku alilala na kamba ya kanga imefungwa kifundoni mwake na mwisho mwingine kwenye kitasa, ili mlango ukifunguliwa umvute. Hakulala, alisinzia. Ndugu, jamaa na marafiki walimwambia kwamba atapata thawabu, na hakuna hata mmoja aliyejitolea kuigawana naye.

Siku ya ishirini ya likizo aliamua jambo. Alimvalisha Mzee shati la kaki, akamshika mkono, akaenda naye karakana, akakaa kwenye gogo na faili mapajani. Hakugomba. Alikaa tu, tangu saa mbili asubuhi.

"Mama, unanitia aibu kwa wateja," Fundi Kesho alinong'ona.

"Wateja waje wakae nami. Gogo ni refu."

Mzee hakuwa na haja ya gogo. Alitembea kati ya vyuma kama mtu aliyerudi kwao baada ya safari ndefu. Alipapasa, akanusa kutu, akagonga hiki na kile kwa fimbo yake, kichwa ameinamisha upande. Hakuulizia njia wala treni. Kwa siku tatu mfululizo walikwenda pale, na kwa siku tatu Bi Faili alikunywa chai ikiwa ya moto, kitu ambacho hakukumbuka lini alikifanya mwisho. Na kwa kuwa alitazamwa, fundi alichomelea. Vipande vya uzio vikasimama nguzoni kimoja baada ya kingine, vyeusi, vimenyooka, bila simba wala mkuki. Siku ya ishirini na mbili Bi Faili alitamka kosa lake la pekee katika mambo haya yote. Alisema, "Fundi, kazi yako ni safi. Kesho sitakuja kukulinda." Alisahau kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Uzio ulifika siku ya ishirini na sita, kwenye mkokoteni, na kuufunga kwenye nguzo kukachukua kutwa. Fito zilikuwa mbili tu. Mteremko ulifuatwa vizuri, pengo la chini halikupitisha hata kuku. Jioni fundi alilifunga geti kwa mbwembwe, klak, akarudi nyuma mikono kiunoni.

"Haya, Mama. Hata jeshi halipiti."

Mzee, aliyekuwa amesimama kando na fimbo yake akisubiri watu wamalize kelele, alisogea, akainua komeo kwa kidole kimoja, akafungua geti, akatoka. "Asante, vijana," alisema, akashika njia ya barabara kuu.

Muuza mkaa ndiye aliyemdaka, akicheka huku machozi yakimtoka. "Fundi! Jeshi limepita!"

Bi Faili hakucheka. Alisimama akilitazama lile komeo, zuri, limepakwa mafuta, upande wa ndani, usawa wa kiuno cha mtu.

"Kipengele cha saba," alisema polepole.

"Mama, nilikisoma. Wallahi nilikisoma." Fundi alikuwa akijikuna kichwa kwa mshangao wa kweli. "Lakini mkono... Nimetengeneza mageti labda mia tatu. Geti hufungwa kwa ndani. Mkono ulikwenda wenyewe."

Hakuwa akidanganya, na hilo ndilo lililomchosha Bi Faili kuliko uongo. Mageti mia tatu, na yote yalitengenezwa kumhofia mtu wa nje. Hakuna aliyepata kumwagiza fundi yule kitu kwa ajili ya mtu wa ndani, anayepotea akiwa kwao. Tunajua kumpigia hesabu mwizi ambaye pengine hatakuja, tukamnunulia mikuki na vioo. Mzee aliye mbele ya macho yetu tunamnunulia kufuli.

"Lihamishe," alisema. "Kesho. Na kesho yako safari hii iwe ile inayofuata leo."

Na kweli ilikuwa hiyo. Siku ya ishirini na saba komeo lilihamia nje, chini, chini ya kibati. Siku ya ishirini na nane, Jumapili, rangi nyeusi ilikuwa imekauka na fundi alikuja na karatasi ili Bi Faili aweke sahihi kwamba kazi imepokewa. Kaka naye alifika. Mfuko wa suruali yake ulikuwa umevimba na kuning'inia upande mmoja, na hakuna aliyehitaji kuuliza una nini.

"Si mbaya," kaka alisema, akiuzunguka uzio bila kuugusa. "Unapendeza kabisa. Ila tusubiri tuone."

"Uone nini, Kaka?"

"Kama unafanya kazi. Mimi sitaki kupigiwa simu nyingine ya lori."

Bi Faili alichukua kalamu. Macho yalimuuma kwa usingizi, na herufi za karatasi zilitembea kama sisimizi. Alitaka kuweka sahihi, akalale siku moja tu, hata sakafuni. Wakati huohuo Mzee alianza kazi.

Alikuwa amefika getini na kulikuta halifunguki. Alilitazama kwa muda, bila hasira. Kisha akainua fimbo, akagonga nondo ya kwanza kwa ile kofia ya chuma. Ting. Akasogea hatua moja. Ting. Hatua nyingine. Ting. Alikwenda hivyo kwa mwendo uleule wa miaka thelathini na mmoja, si wa haraka wala wa pole, sikio ameligeuzia chuma.

"Anacheza," kaka alisema.

Ting. Ting. Tup.

Mzee alisimama. Aligonga tena. Tup. Aliinama, akapitisha kidole penye maungio ya chini, akainuka, na sauti yake ilikuwa sauti ambayo Bi Faili hakuwa ameisikia tangu akiwa msichana wa shule: sauti ya mtu mwenye mamlaka.

"Karani! Hapa treni haipiti. Andika."

"Baba, huo ni uzio," kaka alisema kwa upole wa kumsemesha mtoto.

"Andika," Mzee akarudia, bila kumtazama.

Bi Faili alikuwa akimtazama Fundi Kesho. Fundi alikuwa akitazama viatu vyake. Basi aliingia jikoni, akatoka na kisu cha kumenyea, akapiga magoti penye ile nondo, akakwangua. Rangi nyeusi ilitoka, chini yake rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na chini yake, mahali palipotakiwa kuwa na chuma kilichoyeyuka kikashikana na chuma, palikuwa na ute mkavu wa kijivu, ule wanaozibia mikunjo ya magari yaliyogongwa. Aliishika nondo kwa mikono miwili, akaivuta. Ikamjia mkononi kama jino bovu. Pengo lililobaki lingepitisha mtu mzima, ubavu ubavu.

Muuza mkaa, ng'ambo ya barabara, aliacha kupima debe.

"Umeme ulikatika usiku wa kuamkia siku niliyouleta," fundi alisema mwishowe. "Na nilikuahidi. Nilisema nitarudia baadaye."

"Baadaye lini? Baada ya sahihi?"

"Mama, ni chache tu. Saba, nane. Nani angegonga?"

Hapo ndipo uchovu wote wa Bi Faili ulipopata mahali pa kushukia. Hakupaza sauti, hakuwa na sauti ya kupaza.

"Nani angegonga," alirudia. "Kila mtu anajua hakuna anayegonga. Ndiyo maana kila kitu kinapakwa rangi kikapokewa. Huyu uliyemwona punguani alifanya kazi miaka thelathini na mmoja akigonga chuma ambacho hakuna aliyekuwa akimtazama akikigonga, na hakuna abiria hata mmoja aliyekufa kwenye kipande chake. Wewe ulikuwa na nondo mia moja na themanini tu, fundi. Na mtu mmoja."

Fundi Kesho, bila kusema kesho, akavua shati, akabaki na fulana, akaenda kuileta mashine.

Kazi ilianza upya kwa utaratibu ambao haukuwamo katika mkataba. Mzee alitangulia akigonga. Palipolia alipita. Paliponung'unika alisimama, akaweka ncha ya fimbo, na hakusogea mpaka fundi alipokwangua, akachomelea, na chuma kikapoa. Kisha akagonga tena. Mara mbili alikataa kazi iliyorudiwa. "Rudia, kijana," alisema, na fundi, mtu wa miaka arobaini na tisa, alijibu "Ndiyo, Mzee," akarudia. Hazikuwa saba wala nane. Zilikuwa kumi na moja. Bi Faili aliziandika zote, kwa namba, nyuma ya karatasi ya kupokelea kazi.

Kaka alikaa kwenye ngazi tangu mchana hadi alasiri. Hakutazama saa. Ilipofika nondo ya tisa alisema, kama anayejisemea: "Nilikuwa namfuata nikiwa mdogo. Alinipa niibebe nyundo. Nilisahau kabisa."

"Hukusahau," dada yake alimjibu. "Ulikuwa na shughuli."

Alipoondoka aliaga kwa sauti ndogo, akasema atakuja kukaa na Baba Jumamosi, Jumamosi zote. Pengine angekuja. Mfuko wake ulikuwa bado umening'inia, lile kufuli likimgonga paja kila hatua.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, Mzee alivaa shati la kaki, akafunga vifungo hadi kooni, akatoka. Bi Faili aliisikia kamba ya kanga ikimvuta kifundo. Alikuwa na saa nzima kabla ya kwenda kazini. Miguu yake ilikwisha kuruka chini ili ikimbie, ndipo akili ikaifikia na kuiambia ipunguze mwendo. Alijitengenezea chai, akakaa kwenye ngazi, mgongo ukutani.

Hakudanganyika. Alijua uzio hauponyi. Kuna siku Mzee atasahau hata kugonga, na kutu itakuja, na Jumamosi moja kaka atapata udhuru. Hata lile swali la usiku lilikuwa bado linamtafuna, kwamba nondo ni nondo, na aliyezungushiwa nondo ni nani? Hakuwa na jibu la kuliweka kwenye faili. Alichokuwa nacho ni baba yake, mbele ya macho yake, jua la kwanza mgongoni, akitazama magari yakipita na hakuna linalomgusa.

Ting. Hatua. Ting. Hatua.

Kikombe kilianza kuinama mkononi mwake, akakiweka chini. Kope zilishuka. Aliisikia milio ikienda mpaka pembe ya mbali, ikageuka, ikarudi, ikakaribia, ikakoma mbele yake. Alijua baba yake amesimama pale, amekuja kutoa taarifa. Alitaka kusema, nimeandika, Mzee. Mdomo haukumtii.

"Karani amelala kwenye zamu," alimsikia akinong'ona. Kosa kubwa, hilo; katika enzi yake watu walifukuzwa kwa hilo. Mzee alilipima.

Kisha miguu ile ikageuka, ikaanza raundi nyingine, na safari hii alizigonga nondo polepole, kwa ncha tu ya fimbo, asimwamshe mtu.